Hausingi ya turbo: namna ya kuitambua na kuichagua kwa gari iliyoongezwa nguvu

Turbo ya mtumba inayoshuka bandarini Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, mara nyingi haina karatasi wala kibati. Ina jina la muuzaji tu: "hii ya Subaru", "hii ya Chaser". Jina hilo halitoshi kuitolea pesa. Hausingi mbili zinazofanana kwa jicho zinaweza kutofautiana upana wa koo, matundu ya boliti na feni inayokaa ndani, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama gari itaanza kuvuta injini ikiwa kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika au italala mpaka 4,500. Basi pima kwanza, lipa baadaye.

Hausingi ni ganda. Kila turbo ina maganda mawili, na katikati yake kuna kiini chenye shafti, beringi na njia za oili. Ganda la moto ni la chuma cha kusubu, zito, lenye rangi ya kutu. Humo ndimo moshi wa injini unamopita na kuzungusha feni ya kwanza. Ganda la baridi ni la aluminiamu. Linavuta hewa kutoka kwenye kichujio na kuisukuma kwenda kwenye intakula (kipozeo cha hewa) na injini. Yote mawili yamejikunja kama konokono: kwenye la moto njia inaanza pana na inazidi kubana kadiri inavyoizunguka feni, kwenye la baridi inaanza nyembamba na inazidi kupanuka. Ndani ya ganda la moto, pale njia inapoanza kumwaga moshi juu ya feni, pana ncha nyembamba ya chuma iliyosimama kama kisu. Tuiite ulimi, na njia mahali hapo ndiyo koo. Karibu kila kipimo chenye maana kinaanzia hapo.

Kusoma maandishi

Mwagia dizeli kidogo ganda la moto, lisugue kwa brashi ya waya, kisha mulika tochi kwa ubavu ili herufi zitoe kivuli. Maandishi ya kuyaamini zaidi ni yale yaliyoinuka juu ya chuma, yaliyotoka pamoja na kalibu. Yaliyogongwa kwa patasi yanaweza kuwa ya mtu yeyote.

Garrett, watengenezaji wa turbo, huandika A/R ikifuatiwa na nambari: ni eneo la koo lililogawanywa kwa umbali wake kutoka katikati ya feni. Kwenye ukoo wa T3 utakutana na .36, .48, .63 na .82, kwenye GT28 utakutana sana na .64 na .86. Nukta ikimezwa na kutu ukaona "A/R 64", ni ile ile.

Mitsubishi wana mtindo wao. Chukua TD05H-16G-7: TD05H ni saizi ya upande wa moto, 16G ni feni ya baridi, na 7 ni eneo la koo la ganda la moto kwa sentimita za mraba. Hiyo 7 usiilinganishe na A/R ya Garrett, maana moja ni eneo tupu na nyingine ni eneo lililogawanywa kwa umbali. Nambari ya kibati chao huanza na 49. Turbo za IHI zilizofungwa kwenye Subaru hubeba herufi VF na nambari kwenye kibati, na ganda la moto huwa na alama kama P18 au P20. P ikipanda, koo limepanuka. Nambari ya Subaru wenyewe kwa turbo nzima huanza na 14411.

Toyota hutumia CT, na nambari ya spea ya turbo huanza na 17201. CT9 ndiyo ya Starlet yenye injini ya 4E-FTE. CT12A huja mbili mbili kwenye 1JZ-GTE za mwanzo, na CT15B hukaa moja kwenye 1JZ-GTE ya VVT-i. CT26 ni ya 7M-GTE ya Supra na ya 3S-GTE za mwanzo. CT12B ni ya dizeli ya 1KZ-TE, ile ya Prado na Surf. Kwenye ganda la Toyota mara nyingi hutaiona A/R popote, kwa hiyo bila kupima hujui kitu. Jambo jingine kuhusu CT12A: feni yake ya moto ni ya seramiki. Ikisukumwa busti (mgandamizo wa hewa unaoongezwa na turbo) kubwa kuliko ya kiwandani hupasuka, na vipande vyake huharibu ganda kwa ndani. Ukinunua ganda la CT12A peke yake, pitisha kidole kwenye mduara wa feni utafute mikwaruzo.

Sasa tahadhari ambayo wengi huisahau. Kibati hupigwa riveti kwenye ganda la baridi. Maganda hubadilishwa: mtu huchukua ganda la moto la turbo moja na kiini cha nyingine, akafunga, akauza. Kibati kitakueleza ganda la baridi lilizaliwa wapi, basi. Kila ganda lisome peke yake.

Kupima koo kwa unga

Ganda lisilo na maandishi linapimika jikoni. Utahitaji unga wa ngano uliokandwa mgumu kuliko wa chapati, mafuta ya kula kidogo, vernia ya milimita 150, na karatasi ya hesabu yenye visanduku vya nusu sentimita.

Ondoa ganda kwenye kiini. Lisafishe, lipake mafuta ndani ya mdomo unaopokea moshi, kisha shindilia unga kupitia mdomo huo mpaka ufike kwenye ulimi. Utauona ukichungulia upande wa feni. Usiupitishe ulimi, kwa sababu njia ikishajikunja unga hautoki mzima. Kata ulioingia upande wa feni kwa kisu, ukifuata ncha ya ulimi. Weka ganda lote kwenye friza kwa saa moja au mbili mpaka unga uwe kama ubao, halafu uvute nje kwa mdomo. Kwa kuwa njia hupanuka kuelekea nje, kalibu yako itateleza. Ikikatika, mafuta yalikuwa machache au unga ulikuwa laini, rudia.

Simamisha upande uliokatwa juu ya karatasi ya hesabu, uchore mzingo wake na uhesabu visanduku. Vinne ni sentimita moja ya mraba. Hilo ndilo eneo, A. Kisha pima kutoka katikati ya tundu la feni mpaka katikati ya umbo ulilochora, mahali pale pale pa ulimi. Hiyo ni R. Gawanya A kwa R, na jibu la sentimita uligawanye tena kwa 2.54, kwa sababu A/R ya Garrett ni ya inchi. Mfano: eneo sentimita 10 za mraba, umbali sentimita 6.2. Kumi kwa 6.2 ni 1.61, kwa 2.54 ni 0.63.

Njia hii inaweza kukosea kwa sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo itakutofautishia .48 na .63 bila shida, lakini usiitumie kubishana kama ganda ni .60 au .64.

Flanji na matundu

Flanji, ule uso bapa wenye matundu ya boliti, ndiyo inayokataa kazi mara nyingi kuliko kitu chochote, na kuipima ni dakika tano. Lala karatasi juu ya flanji, isugue kwa penseli mpaka kingo na matundu yajichore, andika tarehe na jina la ganda, ihifadhi. Ukienda dukani, mchoro huo unauweka juu ya manifodi (mabomba yanayoleta moshi kutoka kwenye silinda) na jibu unalo papo hapo.

Kupata umbali wa katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine usikisie kwa jicho. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kisha ongeza kipenyo cha tundu moja. Hesabu pia boliti. T25 na T28 zinatumia flanji moja ya matundu manne. T3 nayo ina manne lakini umbo lake ni la mstatili na ni kubwa zaidi. T4 ni mstatili mkubwa kuliko zote hizo. Turbo za Subaru za TD04 na VF zina matundu matatu upande wa kupokea moshi na matano upande wa kutoa. Ukiona ganda "la Subaru" lenye mdomo wa matundu manne, si la gari hiyo.

Pleti ya kuunganisha flanji mbili tofauti inawezekana, lakini huinua au husogeza turbo kwa unene wake wote, na huongeza gasketi moja ya kuvuja. Gari zetu usukani uko kulia. Kwenye Chaser na Mark II za 1JZ, turbo nayo iko upande wa kulia, jirani na fimbo ya usukani. Manifodi na ganda la moto vilivyotengenezwa kwa gari za usukani wa kushoto vinaweza kuigusa fimbo hiyo, au bomba la kushuka likakosa pa kupita. Kabla ya kununua, kata boksi la kadibodi kwa vipimo vya turbo, liweke mahali pake, zungusha usukani mwanzo hadi mwisho.

Angalia pia mdomo wenyewe: je, umegawanywa na ukuta katikati? Ganda la njia mbili linahitaji manifodi ya njia mbili, ili mipigo ya moshi ya silinda tofauti isigongane. Kwenye injini ya silinda nne inayowaka 1-3-4-2, silinda ya 1 na ya 4 ziende njia moja, ya 2 na ya 3 njia nyingine. Kwenye 1JZ, tatu za mbele kwa tatu za nyuma. Kulifunga ganda la njia mbili kwenye manifodi ya mdomo mmoja ni kulipia ukuta usiofanya kazi.

Ganda na feni lazima zijuane

Ganda mbili zilizoandikwa .64 zinaweza kuwa zimechongwa kwa feni mbili tofauti. Feni ikiwa kubwa kuliko tundu, haiingii au inakwaruza. Ikiwa ndogo, moshi unapita pembeni bila kusukuma kitu, turbo inachelewa, na mwenye gari anailaumu kompyuta ya injini.

Kwa feni ya baridi, pima kipenyo cha mdomo unaovuta hewa na kipenyo kikubwa cha chini. Trimu ni mraba wa kipenyo kidogo ugawanywe kwa mraba wa kipenyo kikubwa, mara 100. GT2871R yenye 53.1 mm juu na 71 mm chini inatoa 56. Feni nyingine ya 71 mm yenye mdomo tofauti itakuwa na trimu nyingine na ganda lake ni jingine, hata kama kwa nje maganda yote mawili yanalingana.

Pima tundu la ganda sehemu nne kwa kuzunguka. Vipimo visipolingana, ganda limepinda au limeliwa. Ukishafunga, paka wino wa maka kwenye ncha za feni, zungusha kwa mkono huku ukiisukuma shafti kila upande. Wino ukifutika sehemu yoyote, pana mgusano, usiwashe. Shafti yenye beringi za kawaida huyumba kidogo pembeni, hiyo ni sawa kwa sababu oili ndiyo huishika katikati injini ikiwaka. Mwendo wa mbele na nyuma ndio usioruhusiwa kuhisika wazi kwa vidole.

Kuchagua kwa barabara zetu

Anza na hewa injini inayohitaji. Chukua Subaru ya lita 2, mzunguko wa juu 6,500, busti ya bari 0.9. Lita 2 mara 6,500, gawa kwa 2, mara 0.9 kwa kuwa silinda haijazi kikamilifu: lita 5,850 kwa dakika. Hewa yenye mgandamizo wa 1.9 na joto la nyuzi 50 baada ya intakula ina uzito wa karibu kilo 2.08 kwa mita ya ujazo. Jibu ni kama kilo 12 kwa dakika, yaani pauni 27. Kwa petroli kila pauni hutoa karibu nguvu ya farasi 10, basi unazungumzia farasi 260 hadi 270. Ganda la baridi na feni yake vitafutwe kwa nambari hiyo pamoja na akiba kidogo. Kumbuka hewa ya nyuzi 32 hapa Unguja ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko ile ya nyuzi 15 inayotumiwa kwenye hesabu nyingi, kwa hiyo turbo yetu inazunguka zaidi kupata busti ile ile.

Kisha ganda la moto, na hapa ndipo uamuzi ulipo. A/R ndogo inaubana moshi, unapiga feni kwa kasi, turbo inaamka mapema. Lakini juu moshi unakosa pa kutokea, joto la eksozi linapanda na injini inajikaba. A/R kubwa inafanya kinyume. Linganisha A/R za ukoo mmoja wa feni tu: .63 ya GT30 haifanani na .64 ya GT28.

Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na ndani yake kuna vijiji, matuta, skuli na ng'ombe. Chake Chake kwenda Mkoani ni vilima na kona. Gari inaishi kati ya mzunguko wa 2,000 na 4,500, gia ya pili na ya tatu. Kwa matumizi hayo chagua ganda dogo kati ya mawili unayoyafikiria. Kwenye ukoo wa T3, injini ya 1.3 hadi 1.6 ichukue .36 au .48, ya lita 2 ichukue .48 au .63. GT28 kwenye lita 2 iwe .64. 1JZ ya lita 2.5 yenye GT30 moja ifanye vizuri na .63 kwa mjini; .82 ni kwa anayekubali kusubiri. Watu hupenda nambari kubwa kwa sababu inasomeka vizuri ukimtajia rafiki, halafu gari ikashindwa na Noah kutoka kwenye taa. Ganda la baridi lina A/R pia, lakini athari yake ni ndogo. Usipoteze usingizi juu yake.

Kwenye dizeli ya 1KZ-TE ganda kubwa mno hujionyesha haraka: moshi mweusi kila ukiondoka kituoni.

Westigeti ya ndani, yaani mlango unaopitisha moshi wa ziada bila kugusa feni, nayo ni sehemu ya ganda. Tundu lake likiwa dogo na injini ikapumua sana, mlango unafunguka wote na busti bado inapanda yenyewe kadiri mzunguko unavyokwenda juu. Kukaza springi hakusaidii. Dawa ni kulipanua tundu na kuulinganisha mlango wake, au kuhamia westigeti ya nje.

Kukagua la mtumba

Nyufa kwanza. Kwenye CT26 zitafute baina ya tundu la westigeti na njia ya moshi. Hapo ndipo hupasukia. Osha, kausha, paka mafuta ya taa, futa, kisha nyunyiza chokaa nyembamba. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari. Ufa mwembamba wa ndani usiofika nje wala kwenye uso wa gasketi unaweza kuishi miaka. Uliofika nje, au uliokaribia ulimi, liache ganda hilo. Kuchomelea chuma cha kusubu bila kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole huleta ufa mwingine pembeni ya kiraka.

Weka rula ya chuma kwenye uso wa flanji na ujaribu kupitisha pleti ya kupimia ya 0.15 mm chini yake. Ikipita, flanji ipelekwe kwenye mashine ikasawazishwe. Ganda la baridi lililokaa karibu na bahari huota unga mweupe; ukwangue kwenye tundu la feni, na kama umeacha vishimo, nafasi kati ya feni na ganda haitakuwa sawa tena. Ncha za feni zilizoliwa mviringo ni kazi ya mchanga uliopita kichujio kibovu, na ganda lake litakuwa limesuguliwa vilevile.

Kufunga

Panga ganda kwenye kiini huku boliti zikiwa legevu, ulizungushe mpaka bomba la oili ya kurudi lielekee chini moja kwa moja. Oili ikilazimika kupanda au kulala, itavuja kwenye sili na utaona moshi wa bluu, ukaihukumu turbo isiyo na kosa. Stadi zipake grisi ya kopa. Tumia gasketi za chuma kwenye upande wa moto. Kaza kwa mkingamo, nguvu iwe ile ya kitabu cha injini hiyo.

Jaza oili safi kwenye tundu la juu la kiini, chomoa fyuzi ya petroli, piga stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo uwashe. Iache iwake bila kukanyaga mafuta dakika chache, ukague mivujo. Baada ya safari ya kwanza, gari ikishapoa kabisa, kaza tena boliti za upande wa moto mara moja.

Usiibane gari mpaka mchanganyiko wa petroli na taimingi virekebishwe kwa mashine yenye kipimo cha oksijeni. Ganda jipya limebadilisha kiasi cha hewa, na injini yenye petroli chache chini ya busti hutoboa pistoni kabla hujasikia mlio wowote.